Dishi la Nyumbani: Lielekee Wapi?

Mitambo ya zamani ya televisheni ilianza kuzimwa nchini Tanzania tarehe 31 Disemba 2012, na Mwanza ikafuata mwanzoni mwa mwaka 2013. Tangu hapo madishi yamezidi kuwa mengi juu ya mabati yetu; na mahali ambapo minara ya nchi kavu haifiki, kama vile katika baadhi ya vijiji na visiwa vya Ziwa, dishi ndilo tegemeo la nyumba nzima.

Lakini twaona jambo moja la kusikitisha. Upepo wa Ziwa ukilisogeza dishi kidogo tu, baba hutoa fedha ya unga na sukari kumlipa fundi kwa kazi ya nusu saa. Ama kijana hupanda juu ya bati lenye umande, akalizungusha dishi huku na huku pasipo kujua analolitafuta. La kwanza ni hasara ya mali. La pili laweza kuwa hasara ya roho. Yote mawili hutokana na kutojua sisi tupo wapi, na setilaiti ipo wapi.

Yafaa ijulikane kwamba setilaiti za televisheni zimepangwa juu ya Ikweta, mbali na ardhi kiasi cha kilomita 35,786. Kwa umbali huo setilaiti huizunguka dunia kwa muda ule ule ambao dunia hujizungusha yenyewe, hata ikaonekana kama imesimama mahali pamoja. Ndiyo sababu dishi likiisha kuelekezwa sawasawa halihitaji kuguswa tena.

Sasa na tutazame mahali petu. Mwanza ipo kusini mwa Ikweta kwa nyuzi mbili na nusu tu, na mashariki ya dunia kwa nyuzi 33 hivi. Azam TV hurusha matangazo yake kutoka nyuzi 7 mashariki, na StarTimes kutoka nyuzi 5. Kwa hiyo mtu aliyepo Mwanza huzitafuta setilaiti hizo upande wa magharibi, kaskazini kidogo, kiasi cha nyuzi tano tu kutoka magharibi kamili. Nazo zi juu sana: ile ya nyuzi 7 imeinuka kiasi cha nyuzi 60 kutoka upeo wa macho. Setilaiti ya DStv, iliyoko nyuzi 36 mashariki, karibu ipo utosini mwetu, kwa nyuzi 85. Basi anayeangalia picha za madishi ya Ulaya, yanayotazama kusini na chini, akaziiga hapa, atazunguka mchana kutwa asipate kitu.

Kazi yenyewe yahitaji utaratibu. Kwanza, chagueni mahali penye mbingu wazi upande wa magharibi, pasipo mti wala jiwe kubwa la karibu. Na ikiwezekana simikeni nguzo chini uani, si juu ya bati. Jihadharini sana na nyaya za umeme. Nguzo ipimwe kwa timazi pande mbili, kwani nguzo ikiinama, vipimo vyote vitakavyofuata vitakuwa vya uongo.

Pili, tafuteni magharibi kwa dira, kama mtu atafutavyo kibla. Simameni hatua kadhaa mbali na bati na nguzo, maana chuma huipotosha dira, hata ile ya simu.

Tatu, wekeni pembe ya kuinuka kwa kufuata alama zilizochorwa kwenye kishikio cha dishi. Msikadirie kwa macho. Madishi mengi ya nyumbani yameundwa kwa namna ambayo uso wake huonekana umeinama kuliko pale unapotazama kwa kweli. Tofauti yaweza kupita nyuzi 20.

Nne, king'amuzi kiwekwe kwenye masafa ya setilaiti inayotafutwa, kisha dishi lisogezwe polepole mno, na kila mara mngoje sekunde chache. Katika dishi la sentimita 90, ukingo ukisogea chini ya sentimita moja, mmekwisha kuhama uzi mzima. Mtu mmoja ashike dishi, mwingine asome kioo cha televisheni. Wala msidanganywe na kipimo cha nguvu, kwani chaweza kupanda hata dishi likitazama mahali patupu. Kipimo cha ubora ndicho cha kuaminiwa.

Tano, ubora ukionekana, izungusheni polepole LNB, yaani kile kijicho kilicho mbele ya dishi, mpaka ubora ufike kilele. Hapa karibu na Ikweta, kwa setilaiti iliyo mbali upande wa magharibi, huenda ikahitaji kuzungushwa karibu robo ya duara. Watu wengi hawalijui jambo hili, wakadhani kijicho kimekufa, wakanunua kingine bure. Kisha bolti zikazwe kwa zamu, kidogo kidogo, huku kipimo kikitazamwa.

Mwisho, waya uachiwe kitanzi kabla ya kuingia ndani, ili maji ya mvua yadondoke hapo yasifuate waya. Na kwa kuwa kando ya Ziwa Victoria radi ni nyingi, nguzo iunganishwe kwa waya wa shaba na chuma kilichozikwa ardhini. Ngurumo zikisikika kwa mbali, king'amuzi kichomolewe mapema.

Neno moja zaidi, nalo laweza kuwaokolea fedha nyingi. Mvua kubwa ya masika ikinyesha, picha hukatika hata kwa dishi lililoelekezwa vizuri kabisa, kwa sababu matone hupunguza nguvu ya mawimbi. Asipande mtu, wala asishike spana. Ngojeni mvua ipite, na picha itarudi yenyewe. Madishi mengi huharibiwa katika saa hiyo ya papara, yakawa hayana budi kutafutiwa fundi kesho yake.

Twawasihi wazazi wasiifanye kazi hii kwa siri, wala wasiwaachie vijana peke yao. Baba na ashike nguzo, binti asome dira, kijana akaze bolti, na mama atazame kipimo. Nyumba itakayofanya hivyo mara moja itakuwa imepata elimu itakayobaki nayo.