Usianze na Rangi

Mwanafunzi mpendwa, ukinunua mashua kuukuu iliyotelekezwa ufukweni Lamu, usikimbilie rangi. Rangi huficha uozo, haiutibu. Chokoa kwanza mkuku na mataruma kwa ncha ya kisu: kisu kinapozama, ubao hauna budi kubadilishwa. Kisha mtafute fundi wa kalafati, umlipe ujira wake kamili, ukae karibu naye akishindilia pamba yenye mafuta katika maungio ya mbao. Nawashangaa wanaoiita kazi hiyo ya wasiosoma. Sisi wa bara, huku Uganda, neno kalafati tumelikuta kamusini. Yeye analijua kwa nyundo. Chombo kilichokaa nchi kavu huvuja kikishushwa majini. Fua maji, ungoje mbao zivimbe. Tanga jipya litasubiri.