Usiache mbachao: Vijana wa Mombasa, kazi ipo kati ya mfumo mkuukuu na mpya

Kijana mwenzetu, kama umemaliza kozi ya kompyuta na kila ukikaa unawaza kuunda apu itakayokutoa, hebu tulia kidogo. Hapa Mombasa programu hazina uhaba, zimejaa tele. Shida ni kwamba haziongei zenyewe kwa zenyewe. Na kwa kuwa haziongei, mkalimani wao ni kijana kama wewe, anayelipwa kuandika kitu kimoja mara nne.

Chukua mfano wa ofisi ndogo ya klaringi, zile zilizosongamana kuanzia Liwatoni hadi Kilindini. Meli imefika, kasha la mteja limo. Karani anaingiza nambari ya kasha katika mfumo wa serikali ili atafute vibali na kulipia ushuru. Anaiandika tena katika programu ya hesabu iliyowekwa kwenye kompyuta ya ofisi miaka kumi na mitano iliyopita. Mara ya tatu anaiandika katika programu ya wingu, yaani ile inayokaa kwenye seva za mbali na kufunguliwa kwa intaneti, ambayo mkubwa wake alijiunga nayo ili aone biashara yake akiwa nyumbani Nyali. Mara ya nne ni WhatsApp, kumjulisha mteja na dereva wa lori.

Nambari ya kasha ina herufi nne na tarakimu saba. Kosea tarakimu moja tu, hati hazilingani. Zisipolingana, kasha halitoki. Likipitisha siku zake za bure bandarini, ada ya kuhifadhi inaanza kuhesabiwa, na kampuni ya meli nayo inadai yake kwa kucheleweshewa kasha. Halafu lawama inamshukia nani? Karani, bila shaka. Hakuna anayeuita mfumo ofisini na kuukaripia.

Tusidhani haya yametokana na uzembe wa mtu mmoja. Mifumo yenyewe ilikuja kwa awamu, kila taasisi na wakati wake. Mamlaka ya Ushuru, KRA, ilileta mfumo wa forodha wa Simba mwaka 2005. Halmashauri ya Bandari, KPA, ikaleta KWATOS mwaka 2008 kusimamia shughuli za makasha. KenTrade iliundwa 2011, na mwaka 2014 mfumo wake wa dirisha moja ukazinduliwa rasmi, ili mfanyabiashara awasilishe hati zake mahali pamoja badala ya kuzunguka ofisi hadi ofisi. Baadaye KRA ikaleta iCMS kuchukua nafasi ya Simba. Kila mgeni alipoingia, ilibidi afanywe aelewane na aliowakuta nyumbani. Serikali ina wataalamu wa kuifanya kazi hiyo. Kampuni ndogo yenye makarani watano imeachwa ijitafutie.

Wengine watakwambia dawa ni rahisi: tupa mfumo wa zamani, nunua mpya. Wahenga walishaonya, usiache mbachao kwa msala upitao. Ile programu kuukuu ina madeni ya wateja, bei za miaka yote na hesabu ambazo mkaguzi wa kodi anaweza kuziulizia. Uking'oa yote kwa siku moja, Jumatatu utaamka huna mpya wala ya zamani.

Sisi wa kisiwani tunalielewa jambo hili kuliko wengi. Mwaka 2020, korona ilipofanya msongamano wa feri ya Likoni kuwa hatari, serikali ilijenga daraja la kuelea la waendao kwa miguu, kutoka Liwatoni hadi Ras Bofu. Feri haikuondolewa, magari yaliendelea kuvuka nayo. Na daraja lenyewe liliwekewa sehemu ya kati ya kufunguka ili kupisha meli, maana mkondo wa Kilindini ulikuwa na wenyewe. Yaani, aliyejenga kiungo kipya alilazimika kwanza kukubali kilichokuwepo.

Hata simu yako inakupa somo hilo hilo. M-Pesa ilianza 2007. Miaka kumi baadaye Safaricom ikafungua jukwaa la kuunganisha programu nyingine na M-Pesa, na jina walilolipa ni Daraja. Duka lililounganishwa halihitaji tena mtu wa kusoma ujumbe wa malipo na kunakili kwenye kitabu. Mteja akilipa, taarifa inaingia yenyewe. M-Pesa haikubomolewa ili hayo yawezekane, ilifunguliwa mlango tu.

Sasa kazi yenyewe inafanywaje? Wataalamu huiita otomesheni ya mtiririko wa kazi. Maana yake ni hii: likitokea jambo fulani hapa, hatua fulani ifuate kule, bila mtu kunakili. Kama programu zote mbili zina lango la kupokea na kutoa taarifa, lile linaloitwa API, unazifundisha kupeana habari moja kwa moja. Kama ile ya zamani haina lango, unaweza kuiamuru itoe faili kila usiku, na faili hiyo isomwe na programu ya wingu alfajiri. Ikishindikana kabisa, kuna roboti za programu zinazobonyeza skrini kama anavyobonyeza karani. Hizo zitumie mwisho, kwa sababu kitufe kikihamishwa kidogo tu, roboti inapotea njia.

Lakini usikimbilie kuandika msimbo. Kaa kwanza na karani siku mbili tatu, na daftari mkononi. Yeye ndiye anayejua kwamba mteja fulani ana majina mawili kwenye hati, na kwamba faili ikija na nafasi wazi mwishoni, mfumo unaigomea. Ujuzi huo haumo kwenye kitabu chochote cha maelekezo. Mkimfukuza karani siku ya kwanza, mtakuwa mmemfukuza na huo ujuzi.

Kisha weka vizuizi. Ile tarakimu ya mwisho ya nambari ya kasha haikuwekwa kwa urembo. Inakokotolewa kutokana na herufi na tarakimu zinazoitangulia, kwa hivyo programu inaweza kushtukia nambari nyingi zilizokosewa kabla hazijaenda popote. Amueni pia taarifa ya kweli inakaa wapi: wingu likisema mteja analipa elfu hamsini na kompyuta ya ofisi ikisema arobaini, ni ipi inayoaminiwa? Na intaneti ikikatika katikati ya kazi, hakikisha ikirudi ankara haitumwi mara mbili. Kosa la mkono huharibu hati moja. Kosa lililounganishwa vibaya huharibu mia tano kabla ya chai ya saa nne.

Usalama nao usiuchezee. Usimpe roboti nywila ya mkubwa ili ifungue kila kitu. Ipe ruhusa ya kazi yake tu. Taarifa za wateja zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na "nilikuwa najaribu tu" si utetezi.

Tunajua hofu iliyopo, na si ya kupuuzwa. Kijana anayelipwa kunakili nambari akisikia kazi itajiendesha yenyewe, anahesabu kodi ya nyumba na mdogo wake aliye shuleni. Waajiri, hapa tunasema nanyi waziwazi: mkiunganisha mifumo ili kuwafukuza makarani, mtaokoa mishahara miwili na kubaki na mashine isiyo na wa kuisahihisha. Wafundisheni wao kwanza. Karani wa jana ndiye msimamizi bora wa mtiririko wa leo, kwa kuwa yeye huliona kosa hata pale mashine inaposema kila kitu kiko sawa.

Na kazi hii haitaisha kesho. Tangu Januari 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS kwa kawaida haikubaliwi katika hesabu za kodi, na KRA inaruhusu programu ya kampuni kuunganishwa moja kwa moja na mfumo huo. Hebu fikiria ni maduka mangapi, maghala mangapi na ofisi ngapi za klaringi kisiwani ambazo bado zinaandika ankara mara mbili. Kila moja ni mlango ambao kijana mwenye subira anaweza kuubisha.

Kwa hivyo tunadai mambo matatu. KPA, KRA na KenTrade ziyafanye malango ya mifumo yao yafikike kwa kampuni ndogo, kwa maelezo yanayoeleweka na sehemu ya kufanyia majaribio. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa na Bandari Maritime Academy wafundishe kuunganisha mifumo kwa kutumia hati halisi za bandari, badala ya mifano ya duka la maua la ng'ambo. Na mwajiri anayemwita kijana "aje atusaidie na kompyuta kidogo" amlipe kama fundi, kwa mkataba.

Wewe nawe usingoje tufani ya mtaji. Wiki hii tafuta ofisi moja unayoifahamu, uliza ni kitu gani wanakiandika zaidi ya mara moja, na anza na hicho kimoja. Kikifanya kazi mwezi mzima bila kukosea, ndipo utaje bei.