Mtoto Mdogo na Saa: Tusiwe Makapita Nyumbani



Leo hatuandiki juu ya mshahara wala juu ya bei ya unga, ingawa mambo hayo mawili yanatuuma sote. Tunaandika juu ya jambo linalotokea ndani ya nyumba zetu kila siku kabla jua halijapanda: namna tunavyowaamsha watoto wetu wadogo na kuwapeleka shuleni.

Kila mtu anaijua asubuhi ya mtaa wetu. Saa kumi na mbili haijafika, na kelele zimekwisha kuanza kutoka nyumba hii hata nyumba ile. "Amka, we mtoto! Kiatu kingine kiko wapi? Utanichelewesha kazini!" Mtoto wa miaka sita amesimama katikati ya chumba, macho yamejaa usingizi, soksi moja mkononi. Hajui aanze na nini. Anapigwa kofi, analia, anavalishwa kwa nguvu, anatoka bila kula. Akifika shuleni, bendera imekwisha kupandishwa na mlango umefungwa. Anaadhibiwa mara ya pili kwa kosa lile lile.

Sisi makarani tunaoandika saa za watu kwenye mlango wa mgodi tunauona mwisho wa habari hiyo. Baba anafika amechelewa, jasho linamtoka, na sababu anayotoa ni mtoto. Tunaandika dakika zake katika buku, na mwisho wa mwezi zinahesabiwa katika fedha yake. Basi jambo hili si dogo. Linakula usingizi wa mtoto, linakula masomo yake, linakula na chakula cha nyumba.

Tunauliza: kosa ni la nani? Tunajibu wazi kwamba mara nyingi si la mtoto.

Kwanza, mtoto mdogo hajui saa. Mtaalamu wa Uswisi, Jean Piaget, alitoa mwaka 1946 kitabu juu ya namna mtoto anavyofahamu wakati. Aliwaonyesha watoto vitu viwili vidogo vinavyoanza kwenda pamoja na kusimama pamoja, lakini kimoja kinakwenda mbio kuliko kingine. Watoto wadogo walisema kwamba kile kilichofika mbali ndicho kilichotumia wakati mwingi. Maana yake, mtoto wa umri huo anapima wakati kwa yale anayoyaona, wala si kwa dakika. Ukimwambia "zimebaki dakika kumi," umemwambia maneno matupu. Ukimwambia "ukimaliza kunawa, utavaa shati," amekuelewa.

Pili, katika miji yetu hata saa zenyewe zinamchanganya. Nyanya anasema saa moja, kwa hesabu ya Kiswahili inayoanza jua likichomoza. Mwalimu anauita wakati ule ule saa saba, kwa hesabu ya Kifaransa inayoanza katikati ya usiku. Tena redio ya Kinshasa ikitangaza saa, sisi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi tunapaswa kuongeza saa nzima, kwa kuwa upande wetu uko mbele. Na jua lenyewe halitegemeki. Mwezi wa sita, wakati wa baridi, linachomoza karibu saa nzima nyuma kuliko mwezi wa kumi na moja. Mtoto aliyekuwa anaamka kwenye mwanga, sasa anaamshwa gizani na baridi inamuuma, halafu sisi tunamwita mvivu.

Wako watakaotujibu: "Sisi tulilelewa kwa fimbo, na tumekuwa watu." Ndugu, tukumbuke fimbo hiyo ilitoka wapi. Wakubwa wa zamani walipenda kusema kwamba Mwafrika hajui saa. Ulikuwa uongo. Babu zetu walijua jogoo wa kwanza na jogoo wa pili, walijua alfajiri na kucha. Hakuna aliyewapigia king'ora ili wapande mbegu kwa wakati wa mvua. Wangechelewa, wangekufa njaa. Walikuwa na wakati wao, nao waliushika wenyewe.

Union Minière ilipoundwa mwaka 1906, watu wa migodi walifundishwa wakati wa namna nyingine, wakati wa king'ora, wa kapita na wa adhabu. Wakati huo haukuwa wa mfanyakazi. Ulikuwa wa kampani. Nchi ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na serikali ikaichukua kampani ile mwaka 1967. Lakini kapita hakuondoka katika nyumba zetu. Mpaka leo baba ndiye kapita na mama ndiye king'ora.

Hapo ndipo hatari ilipo. Mtoto anayengoja kelele ndipo aamke, atakuwa mtu anayengoja kapita ndipo ashike kazi. Kapita akigeuza mgongo, naye anaweka chini sepetu. Tunasema kila siku kwamba tunataka watu wanaojitawala. Kujitawala hakuanzi siku ya kupiga kura. Kunaanza katika mambo madogo ambayo mtoto anaweza kuyashika mwenyewe: kunawa, kuvaa, kuchukua mfuko wake na kutoka.

Basi tufanye nini? Tunaandika hapa mambo machache ambayo nyumba ya mfanyakazi inaweza kuyafanya bila kununua kitu.

Asubuhi itengenezwe jioni. Shati nyeupe na nguo ya bluu, viatu viwili, soksi, mfuko wenye buku na kalamu, vyote viwekwe juu ya kiti kimoja kabla ya kulala, na mtoto mwenyewe aviweke. Baba apite tu kutazama. Kiatu kilichopotea kinatafutwa kwa amani saa moja jioni. Asubuhi kinatafutwa kwa matusi.

Mtoto alale mapema. Wataalamu wa usingizi wa Marekani walitangaza mwaka 2016 kwamba mtoto wa miaka 6 hata 12 anahitaji saa 9 hata 12 za usingizi kila siku, na wa miaka 3 hata 5 saa 10 hata 13. Fanyeni hesabu. Mtoto wa miaka sita anayeamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, akilala saa mbili na nusu usiku, amepata saa 9 tu, yaani kiasi cha chini kabisa. Tukimwacha mbele ya televisheni mpaka saa nne, tumemwibia, na asubuhi tunamchapa kwa deni letu wenyewe.

Tumfundishe kazi tano kwa vidole vyake. Kidole gumba: kuamka na kukunja blanketi. Cha pili: kunawa. Cha tatu: kuvaa. Cha nne: kula. Cha mwisho: kuchukua mfuko. Asiyejua kusoma anajua kuhesabu vidole. Akisimama ameduwaa, usimfokee. Muulize: "Umefika kidole gani?" Atajibu, na ataendelea mwenyewe. Mwenye kipande cha katoni achore picha tano, azitundike karibu na mlango.

Tupime wakati kwa wimbo. Kila mama anajua wimbo wa kanisani au wa mtaani. Mama akianza wimbo wakati mtoto anaanza kuvaa, mtoto atajaribu kumaliza vifungo kabla wimbo haujaisha. Hivyo anajifunza urefu wa wakati ndani ya masikio yake, kabla hajajua mishale ya saa. Saa ya ukutani, kama ipo, itakuja baadaye. Siku hiyo baba amweleze hesabu zote mbili, ya Kiswahili na ya Kifaransa, asichanganyikiwe.

Wazazi wapange zamu zao. Baba anayefanya kazi kwa posti, juma moja asubuhi, juma moja mchana, juma moja usiku, hawezi kuwa nyumbani kila asubuhi. Basi Jumapili jioni baba na mama waseme mbele ya watoto: juma hili nani anaamsha, nani anawasha mbabula, nani anamsindikiza mdogo. Mtoto anayejua mpango haogopi.

Sasa tunafika kwenye jambo linalotusikitisha kuliko yote. Katika nyumba nyingi mtu anayechelewa zaidi ni binti mkubwa, wa miaka kumi au kumi na mmoja. Maji hayatoki kwenye robine, kwa hiyo yeye ndiye anayekwenda na kidumu kabla ya kucha. Akirudi anafagia, anachemsha chai, anamwogesha mdogo wake na kumvalisha. Kaka yake bado amelala. Mdogo anafika shuleni kwa wakati, na binti yule anafika wa mwisho. Anapigishwa magoti mbele ya kalasi kama mvivu. Ndugu, mtoto huyo ndiye aliyefanya kazi kuliko watu wote wa nyumba ile! Maji yachotwe jioni, na kaka naye abebe kidumu. Mdogo aliyefundishwa kujivalisha anampunguzia dada yake mzigo. Hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kuanza.

Tusiseme pia kwamba kila kitu ni juu ya wazazi. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi ni ya lazima, na katika shule za serikali ni ya bure. Tangu Septemba 2019 serikali ilianza kuitimiza neno hilo la bure, na watoto wengi wakaingia, madarasa yakajaa. Ni jambo jema. Lakini mtoto wa miaka sita anayefungiwa mlango kwa kuchelewa kidogo ananyimwa siku nzima ya haki yake, na anabaki barabarani kati ya malori ya mawe. Tunawaomba wakubwa wa shule wamwingize mtoto kwanza, halafu wamwite mzazi waulize sababu. Na wale wenye kazi ya kuleta maji mitaani wajue kwamba robine kavu ni adui wa shule.

Ndugu wasomaji, hatuwadai mambo makubwa. Jaribuni juma moja. Jumapili jioni wekeni kiti, hesabuni vidole, chagueni wimbo. Siku ya kwanza mtoto atasahau, na ya pili pia. Msirudi kwenye kofi. Siku ya tano au ya sita mtamwona amesimama mlangoni, mfuko begani, anawangoja ninyi.

Mtoto huyo hakufukuzwa na mtu. Ametoka mwenyewe. Watu wa namna hiyo ndio tunaowahitaji katika nchi hii, na hakuna serikali itakayotulelea. Tuwalee sisi.