Nyuklia Kwale: kabla ya kuuliza kazi, uliza maji na hewa

Watu wangu wa Kwale, kuanzia Diani mpaka Vanga, hii stori ya nyuklia msidhani imeisha. Mwaka 2023 NuPEA, wakala wa serikali wa nishati ya nyuklia, ilisema mtambo wa kwanza wa Kenya utajengwa Kilifi au Kwale. Mwaka 2024 wenzetu wa Uyombo kule Kilifi wakaandamana kuupinga. 2025 macho yakahamia Siaya, kando ya Ziwa Victoria, na huku kwetu watu wakapumua. Mimi bado. Jina lililowahi kutajwa ni rahisi kutajwa tena.

Shida yangu ni vile tunavyobishana. Huyu anasema kansa, yule anasema stima na kazi kwa vijana. Maswali mawili hayaulizwi: maji na hewa.

Tuanze na maji. Kinu cha nyuklia kinachemsha maji, mvuke unazungusha mashine, stima inatoka. Lakini karibu theluthi mbili ya lile joto haligeuki stima, lazima litupwe mahali. Ndio maana wanapenda ufuo. Mtambo wa megawati 1,000 ukipozwa moja kwa moja na bahari unavuta kama mita za ujazo 40 hadi 50 kila sekunde. Chukua yale matangi ya lita 10,000: manne au matano, kila sekunde, usiku na mchana. Kisha maji yanarudi baharini yakiwa na joto zaidi.

Sasa nyinyi mnaijua Diani. Wakati wa bamvua maji yakitoka, unatembea kwa miguu kuelekea mwambani. Hilo bomba litavuta maji wapi kama si kupita kwenye mwamba wenyewe? Na yale yenye joto yatamwagwa wapi? Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani yetu yakageuka meupe yakafa. Mvuvi wa Msambweni au Gazi hahitaji profesa kumwambia kuwa matumbawe yakifa samaki wanahama.

Bahari nayo ina vituko vyake. Oskarshamn huko Uswidi 2013, na Gravelines huko Ufaransa 2025, mitambo ilisimama kwa sababu mayavuyavu yalijazana pale maji yanapoingilia. Naam, hawa hawa wanaotuwasha tukiogelea. Hakuna aliyeumia, mitambo ilizimwa salama.

Lakini kinu cha nyuklia si jiko la gesi, eti ukifunga limepoa. Dakika ile ya kuzimwa bado kinatoa kama asilimia 6 ya joto lake, na kinahitaji kupozwa siku nyingi baadaye. Fukushima, Japani, Machi 2011, vinu vilijizima vizuri tetemeko lilipopiga. Kilichoharibu ni tsunami: maji yaliingia kwenye jenereta za akiba, pampu zikakosa stima, vinu vikayeyuka ndani. Na tsunami si hadithi ya Wajapani peke yao. Ile ya Desemba 2004 ilifika mpaka pwani ya Kenya.

Swali la pili, hewa. Siku mambo yakiharibika, kuna watu hawaruhusiwi kukimbia: wale wa chumba cha kuongozea mtambo. Chumba chao kinatakiwa kifungwe vizuri, hewa ipite kwenye vichujio vya mkaa vinavyonasa iodini yenye mionzi, na feni ziwe na stima yake ya akiba. Fukushima stima ilikatika, wafanyakazi wakabaki gizani wamevaa barakoa wakisoma vipimo kwa tochi. Wao wakishindwa kupumua, nani atawapozea kinu?

Msinielewe vibaya. Kuna mitambo duniani iliyofanya kazi miaka 40 bila balaa. Lakini ilifika huko kwa sababu kuna watu walikuwa wasumbufu kwenye maswali kama haya.

Kwa hivyo wakija kwenye baraza kuchukua maoni, tusiishie kwenye soda na fomu ya mahudhurio. Tuulize: bomba linapita wapi, tuonyesheni ramani. Jenereta za akiba ziko juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari? Vichujio vinapimwa kila baada ya muda gani, na majibu yanabandikwa wapi tuyasome, kwa Kiswahili? Asiye na majibu arudi akajipange.