Mchezaji Hapimwi kwa Kimo Pekee

Walimu wa michezo hapa Kericho na Bomet wateuapo timu ya mpira wa vikapu, wengi huanza na wanafunzi warefu na kuishia hapo. Desturi hiyo si yetu peke yetu. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Connecticut mwenye kimo cha sentimita 221, aliteuliwa wa pili kuingia NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani. Stephen Curry, aliyepitwa kimo kwa zaidi ya sentimita 30, aliitwa wa saba. Februari 2010 Thabeet alishushwa ligi ya chini. Curry amekwisha kutwaa ubingwa mara nne.

Simlaumu kijana. Aliuanza mchezo akiwa na miaka 15, na chuoni kimo kilimtosha kuzuia mitupo. Lawama ni ya wapimaji, waliotazama mikono wakasahau miguu, pasi na wepesi wa kuusoma mchezo. Ajabu ni kwamba mchumaji wetu wa chai hutafuta majani mawili na chipukizi. Jani kubwa lililokomaa hukataliwa kituoni. Basi mwalimu, kabla hujasoma majina, mpe mpira yule mfupi aliyesimama pembeni, acheze dakika kumi.