Ng'ombe wa Madini na Zimwi la Usukuma
"Herderboy" ni filamu fupi ya katuni ya Mganda Raymond Malinga, moja ya filamu 10 za mkusanyiko wa Kizazi Moto uliotolewa na Disney+ Julai 2023. Katika ufalme wa Chwezi wa siku zijazo, wachungaji walio nusu mtu nusu mashine wanawalinda ng'ombe wa madini dhidi ya pepo wabaya, na Ndahura, mchungaji mchanga, anatamani kuingia katika kikosi chao. Jina lake limetoka katika masimulizi ya ufalme wa kale wa Kitara, ambamo Ndahura ni mfalme wa kwanza wa Wachwezi. Uchwezi, kama chama cha mizimu na uganga, ulienea hadi kusini mwa Ziwa Viktoria, Usukumani. Hivyo mtazamaji wa Shinyanga au Geita hana ugeni na ubunifu huu: kwake ng'ombe ni mali, mahari na heshima, na chini ya malisho kuna almasi ya Mwadui, iliyogunduliwa 1940, na dhahabu ya Geita. Ajabu ni kwamba Wasukuma wenyewe wana kisa kinachostahili katuni ndefu kuliko hiyo. Zimwi Shing'weng'we linameza watu na mifugo, anabaki mjamzito mmoja aliyejificha kwenye pumba. Mwanawe, Masala Kulangwa, anakua, analiua na kulipasua tumbo. Waliomezwa wanatoka hai. Bikizee mmoja, aliyekatwa sikio katika upasuaji huo, anamjia juu mwokozi wake, naye inambidi atafute dawa ya kumponya.