Stima ya bure: video yangu ilikuwa uongo

Wasee, nimefuta ile video ya mota mbili. Ndiyo, ile mliyoipenda kuliko zote. Mota moja inazungusha ya pili, ya pili inatoa stima inayorudi kwa ya kwanza, na ka-balbu ka LED kanawaka ati milele. Betri ilikuwa chini ya ubao. Waya nilizipitisha kwa tundu, nikafunika na gundi.

Kilichonifanya niifute ni kijana mmoja wa shule hapa Voi. Alinipata stendi na mfuko wa mota. Nyingine ametoa kwa magari ya kuchezea na DVD mbovu, mbili amenunua na pesa ya nauli. Alitaka kutengeneza feni, si mnajua joto letu. "Brathe, nikiisukuma inazunguka kidogo halafu inakufa. Nimekosea wapi?"

Hakukosea. Nilikosea mimi.

Ka-mota ka gari la kuchezea, hata kakifanya kazi vizuri, hurudisha kama nusu tu ya stima unayokapa. Nyingine inageuka joto kwenye waya wa shaba ulioviringwa ndani, na inaliwa na msuguano wa brashi na ekseli. Unganisha mbili: nusu ya nusu ni robo. Hiyo robo ndiyo unataka izungushe mota na iwashe balbu? Haiwezekani, bana. Na sikuhitaji kumaliza chuo kujua hivyo, ningeshika tu mota nisikie vile imechemka.

Kuna watengeneza video watasema ni burudani tu. Sawa, basi sema ni kiini macho. Ukinyamaza huku stima ikipotea mtaani na mtu anatafuta njia kwa dhati, unamla nauli yake.

Basi tukakaa na yule kijana. Waya zake zilikuwa za earphone, nyembamba kama uzi, ndefu bure. Hesabu ndogo: waya zikiwa na ukinzani wa omu 1 na mota ivute nusu ampea, nusu volti inabaki njiani. Kwa betri mbili za rimoti, volti 3, hiyo ni moja ya sita imeenda kabla mota haijaonja kitu. Na mkondo ukiongezeka mara mbili, joto la waya linakuwa mara nne. Ndiyo maana ukishika ekseli isizunguke, mota inaungua: inavuta stima nyingi kabisa, na yote ni joto.

Tukakata waya fupi, nene kidogo. Tukatupa betri zilizochoka. Tukachukua mota ya DVD, maana haina ulafi kama ya gari la kuchezea. Feni ikavuma.

Kesho analeta paneli ya taa ya sola iliyokufa, tuijaribu saa sita mchana. Nitarekodi kila kitu, na ubao nitaugeuza muone chini.